Kusitisha Mgomo Si Kusalimu Amri



Kuna neno linalotumiwa ovyo hapa Mulago kila mgomo unaposimama. Viongozi wakitoka kwenye mazungumzo na kutangaza kwamba kazi inaendelea, haupiti muda mtu husema penye chai: "Wamesalimu amri." Neno hilo likishatoka, waliokuwa kitu kimoja jana huanza kutazamana kwa shaka. Kwa hiyo hatuna budi kulichunguza.

Wengine wetu hudhani kusalimu hapa ni kutoa salamu, kana kwamba mtu anaipigia amri saluti, yaani anatii. Sivyo. Salimu hii, iliyotoka katika Kiarabu, ni kukabidhi. Na amri ni mamlaka. Anayesalimu amri humkabidhi mwingine mamlaka yake. Tangu hapo hana lake, huamuliwa.

Wazee wa Kampala wanao mfano. Mwezi Aprili 1979, mji ulipoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, askari wa Amin waliosalimu amri walitoa bunduki zao. Hawakuwa na la kujadili. Huko ndiko kusalimu amri.

Sasa tuupime mgomo wa madaktari wa Novemba 2017. Chama cha Madaktari cha Uganda kilidai mishahara bora, pamoja na dawa na vifaa vya kutibia wagonjwa. Mwezi huohuo, baada ya mazungumzo na Serikali, mgomo ulisitishwa. Je, walisalimu amri? Walirudi wodini, ndiyo, lakini uwezo wao wa kugoma hawakumkabidhi mtu. Ushahidi ni kwamba mwaka 2021 madaktari waligoma tena. Aliyesalimu amri hana mara ya pili.

Hatusemi kwamba kila mapatano ni mema. Yapo mabovu, na kiongozi anayeyatia sahihi bila kuwauliza wanachama sharti ajibu mkutanoni. Lakini hata huyo hakusalimu amri, kwa sababu ametoa kisichokuwa chake. Amri ya chama ni ya wanachama. Kitendo chake kina jina jingine, nalo ni usaliti.

Basi, ndugu, tuseme jambo kwa jina lake. Tukisitisha, tumesitisha. Tukipatana, tumepatana. Tukishindwa, tumeshindwa, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno kusalimu amri tuliweke kwa siku ile tutakapoacha kuhudhuria mikutano, kulipa ada na kuwauliza viongozi maswali. Siku hiyo, pasipo mgomo wala bunduki, tutakuwa tumekwisha kuikabidhi amri yetu kwa mikono yetu wenyewe.

Umoja ni nguvu.