Mzazi wa Lugha Moja Hana Hatia

Ameandika mwenzetu kwamba mzazi asiyejua ila Kiswahili hawezi kulea mtoto wa lugha mbili, na kwamba, akitaka mwanawe ajue Kiingereza, hana budi kukiacha Kiswahili nyumbani na kujikongoja kwa Kiingereza hicho hicho asichokijua. La kwanza halistahili wino mwingi: wazee wangapi wa Usukumani, waliosema Kisukuma tu, walilea wana wa Kiswahili fasaha, na Wazanzibari wangapi waliohamia Oman baada ya 1970, nao Kiarabu hawakijui, wana wao walikipata shuleni na mitaani?

Ama la pili ni ajabu ya maajabu. Yaani mama mwenye ufasaha wa kumsimulia mwanawe, kumkemea, kumbembeleza na kumtegea vitendawili, aitupe hazina hiyo yote, ampe badala yake amri chache alizoziokota kwenye televisheni! Mtoto atajifunza nini kwa mwenye kubahatisha, ila kubahatisha? Lugha ya pili hutaka wasemaji wake, mwalimu aijuaye, wenzi wa kucheza nao, vitabu. Na laiti mwenzetu angalitaja japo neno moja juu ya ada ya mwalimu huyo, ambayo ndiyo taabu hasa ya mzazi huyu, tungalimsoma kwa taadhima.