Msiiruke relei ya fezi

Jumatatu moja ya Februari mlinzi wa zahanati fulani huko Temeke alinipigia simu alfajiri. "Fundi, ile mashine ya kiyoyozi cha maabara tangu juzi usiku inanguruma kama ya kusaga mahindi. Inazima, inakaa, inaanza tena. Na ndani joto tupu." Nilipofika, vitendanishi vilikuwa vimehamishiwa kwenye friji ya wodi ya wazazi, mlango wa maabara umefungwa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anaulizia lini watapima damu.

Nilifunga gaji. Presha ya kuvuta na ya kusukuma zilikaribiana, kama mashine iliyozimwa, na huku inaunguruma. Nikabana klampu mita kwenye waya: ampea 6, kwa kompresa ambayo siku zote hula 13. Gamba lake halishikiki kwa moto. Fundi aliyenitangulia Jumapili alikuwa ameshaongeza gesi, kisha akaandika kwamba kompresa haipampu, inunuliwe nyingine.

Kompresa hiyo hadi Jumamosi mchana ilikuwa nzima. Usiku wake transfoma ya mtaa ilibadilishwa, na katika kurudisha waya fezi mbili zikapishana. Taa ziliwaka kama kawaida, kompyuta pia, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Umeme wa njia tatu ndivyo ulivyo: ukibadilisha nafasi za waya zozote mbili, mota inageuza mwelekeo.

Kwa mota nyingi hilo ni usumbufu tu. Pampu ya maji inasukuma kwa unyonge, feni inapeleka upepo upande usio wake. Kompresa za zamani za pistoni nyingi hazikujali kabisa. Lakini zilizojaa mijini sasa ni za skroli, zile ambazo Mfaransa Léon Creux alipata hataza yake Marekani mwaka 1905 na viwanda vikaja kuziweza miongo mingi baadaye. Ndani yake mna vipande viwili vilivyojikunja kama konokono, kimoja kimetulia, kingine kinazunguka ndani yake na kuisukumia gesi katikati. Fikiria mashine ya mkono ya kusagia nyama. Ukizungusha mpini kinyume, nyama inarudi mdomoni hata uzungushe hadi jioni. Kompresa nayo ikirudi nyuma haikandamizi gesi. Mota yake, ambayo hupozwa na gesi baridi inayorudi, inapata moto, na mafuta hayafiki kwenye beringi inavyotakiwa. Dakika moja haiiui. Siku nzima ya kuwaka na kuzima inaimaliza. Zile za skrubu za majengo makubwa hazisubiri hata dakika.

Nikafungua paneli nijue kwa nini relei ya fezi haikuizuia. Kazi ya kifaa hicho ni hiyo: kinasoma mfuatano wa fezi, na kama haupo sawa, au fezi moja imekatika, hakiruhusu kontakta kuvuta. Kilikuwepo. Waya zake mbili zilikuwa zimetolewa, zikasokotwa pamoja na kufungwa tepu nyekundu.

Tepu ile niliifunga mimi. Miaka mitatu kabla, relei iliungua mchana wa joto, daktari amesimama nyuma yangu, duka la Kariakoo limefunga. Nikairuka, mashine ikawaka, nikaahidi kurudi kesho na mpya. Sikurudi. Kompresa ilidumu wiki mbili baada ya kurekebisha fezi, beringi zikaanza kulia, ikajamu. Nusu ya bei ya mpya nililipa mimi, na nilistahili.

Ndiyo maana nasema kwa mafundi wenzangu bila kuficha: kuiruka relei ya fezi na kuondoka ni kosa la kazi. Relei ni rahisi kuliko mtungi mmoja wa gesi. Kama haipo siku hiyo, zima mashine, mwambie mwenye nyumba ukweli, avumilie usiku mmoja. Wengi wetu tunaijua hoja hii, lakini mteja anapotoka jasho mbele yako mkono unakwenda kwenye tepu wenyewe.

Jambo la pili ni pale tunaporekebisha. Wengi wakigundua mzunguko umegeuka wanabadilisha waya kwenye kompresa, inapoa, wanalipwa. Lakini kama kosa limetoka kwenye nguzo, pampu na feni za jengo zima bado zinarudi nyuma. Tena jenereta, ambayo ilikuwa sahihi tangu mwanzo, umeme ukikatika usiku inaingia na kuigeuza kompresa uliyoiponya mchana. Rekebisha pale kosa lilipoingilia, kwenye waya kuu, kisha ujaribu gridi na jenereta, kila kimoja peke yake. Na usiamini rangi. Kwenye majengo yetu nyekundu, njano na buluu za zamani zinakutana na kahawia, nyeusi na kijivu za sasa, na buluu iliyokuwa fezi leo ni nyutro. Tumia kipimo cha mfuatano.

Wa nyumbani wenye umeme wa njia moja hawana fezi za kupishana, ila skroli ndogo inaweza kugeuka umeme ukikatika na kurudi papo hapo, gesi yenye presha ikiwa inairudisha nyuma. Kifaa cha kuchelewesha kuwaka, dakika tatu hivi, kinatosha.

Kwa mafundi wa laini nina ombi moja. Mkibadilisha transfoma, pimeni mfuatano kabla ya kufungua waya na baada ya kufunga, na mkiondoka mwambieni hata mwenye duka la karibu kwamba mmegusa fezi. Na EWURA, inayotoa leseni za ufungaji umeme, iweke jambo hili kwenye mtihani wa vitendo: impe mtahiniwa mota inayorudi nyuma, imwone anaanzia wapi.

Pale zahanati nilifunga relei mpya yenye taa ya kijani, nikamwonyesha mlinzi. Mwaka uliofuata, usiku wa mvua, akanipigia: umeme umerudi, jengo zima linawaka, lakini taa ya kijani haiwaki na mashine imenyamaza. Nilimwambia asiguse kitu. Nilikwenda na kipimo, fezi zilikuwa zimepishana tena, nikazima swichi kuu, nikabadilisha waya mbili. Saa mbili asubuhi maabara ilikuwa inapima damu.