Kiswahili na kemia ya mimea

Wapo wasomi wetu wanaoshikilia hadi leo kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, na kwamba mwenye kutaka kuzungumzia sayansi hana budi kukimbilia Kiingereza. Na tulipime dai hili kwa mfano mgumu: asidi ya fosfatidi.

Molekuli hii ni gliseroli iliyoshikana na asidi mbili za mafuta pamoja na fosfeti moja. Ndani ya mmea imesimama penye njia panda. Fosfeti ikiondolewa na asidi ya tatu ya mafuta ikatiwa mahali pake, hupatikana mafuta tunayoyakamua katika alizeti na ufuta. Njia nyingine huelekea kwenye utando wa seli. Tena, ukame unapouzidi mmea, vimeng'enya huzalisha asidi hii upesi kutoka kwenye utando huo, nayo husaidia kupitisha amri ya kufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Sidhani kwamba msomaji amepotea njiani.

Mwaka 1927, Chibnall na Channon waliitoa asidi hii katika majani ya kabeji. Miaka ishirini hivi baadaye, Hanahan na Chaikoff walionyesha kwamba mboga ina kimeng'enya kiwezacho kuizalisha wakati inapopondwa. Kumbe sehemu kubwa ya kilichodhaniwa kuwa mali ya jani ilizaliwa maabarani! Kisa kama hiki mwanafunzi akisimuliwa kwa lugha aizoeayo hakisahau. Kwa lugha ya kukariri, hukiandika katika mtihani na kukiacha hapo hapo.

Ni kweli kwamba neno "mafuta" limetwishwa mzigo mzito: ni ya taa, ya kupikia, ya gari. Ndiyo maana sioni aibu kukopa "lipidi" kuwa jina la ukoo mzima. Waingereza nao walilikopa kwa Wayunani, na hakuna aliyewaambia kuwa lugha yao ni maskini.

Istilahi si kisingizio. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba yetu ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, ila habari hizo hazijafika katika maabara za shule zetu. Kwa nini mtahiniwa wa biolojia asiruhusiwe kuchagua lugha ya kujibia? Wizara ianze na karatasi moja tu.