Baba hanyonyeshi, lakini kazi ya kunyonyesha inamhusu

SHERIA ya Ajira ya mwaka wa 2007 ilipompa baba likizo ya majuma mawili yenye malipo kamili, wengi waliiona kuwa bahashishi ndogo kando ya jambo kubwa, yaani miezi mitatu ya mama. Sheria iliyotangulia, ya 1976, ilikuwa imempa mama miezi miwili tu, na hata hiyo ilimgharimu likizo yake ya mwaka. Baba hakutajwa.

Kipengele kinachomhusu baba hakizidi sentensi moja. Hakisemi likizo hiyo ichukuliwe lini wala ni ya kufanyia nini. Ndiyo maana wapo wanaoitumia kulea, wapo wanaokwenda nayo mashambani kumalizia ujenzi, na wapo wasiothubutu kuiomba wakihofia kuchekwa na wenzao kazini.

Suala hili lingekuwa la kutaniana tu iwapo lisingegusa afya ya mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya kwanza.

Kenya ilipiga hatua kubwa katika jambo hilo. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2003 ulionyesha kuwa ni asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya bila kupewa kitu kingine. Ule wa 2008/09 ulipata asilimia 32, na wa 2014 asilimia 61. Kisha hesabu ikakwama. Utafiti wa 2022 ulipata asilimia 60.

Kukwama huko kunahitaji kuelezwa. Kwa miaka mingi ujumbe wa kliniki ulielekezwa kwa mama, na yamkini mama wengi sasa wameuelewa. Wanachokosa wengi wao si mafunzo bali ni muda, usingizi na mtu wa kuwapokea mzigo.

Mtoto mchanga hunyonya kati ya mara nane na 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Mama aliyechoka na kujaa wasiwasi huchelewa kushusha maziwa, kwani msongo huzuia homoni inayoyasukuma. Mtoto hulia, nyanya huamua kwamba maziwa hayatoshi, na jioni hiyo hiyo kopo la maziwa ya unga au kikombe cha uji huingia nyumbani. Titi nalo hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Kila mara mtoto anaposhibishwa kwa kitu kingine, maziwa ya mama hupungua, na utabiri wa nyanya ukatimia.

Hapa ndipo baba mwema anaweza kukosea. Akitaka kusaidia, hununua chupa na kopo ili naye apate zamu ya kumlisha mtoto usiku. Nia ni njema, ila anachukua kazi ambayo mwili wa mama unahitaji kuifanya ili maziwa yasikauke, hasa katika majuma ya mwanzo, na kumwachia kazi nyingine zote.

Zilizosalia ni nyingi. Kumwamkia mtoto anapolia na kumfikisha kwa mama, kumweka begani hadi abeue, kumbadilisha nepi, kumwogesha, kufua, kupika, kuteka maji, kuwashughulikia watoto wakubwa na kuwaambia wageni kwamba mama amelala. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza hata kulazwa kifuani mwa baba, ngozi kwa ngozi, akapata joto analohitaji. Wahenga walionena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, hawakusema kazi hiyo ni ya nani.

Jamii ndiyo iliyosema. Mwanamume anayeonekana akianika nepi huambiwa amekaliwa, au Pwani kwamba amelishwa limbwata. Mara nyingi kicheko hicho hakitoki kwa wanaume peke yao. Mama mkwe naye huweza kumfukuza jikoni.

Ugumu mwingine huanza mwezi wa nne. Likizo ya mama imekwisha, ilhali miezi sita bado. Sheria ya Afya ya 2017 humtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu, meza na kiti, na ampe mama muda wa kufanya hivyo usiozidi saa moja katika saa nane za kazi. Hata pale sheria hii inapotiiwa, maziwa yaliyokamuliwa hayajinyweshi. Mtu sharti awepo nyumbani anayejua kuyahifadhi na kumnywesha mtoto kwa kikombe safi. Kwa kawaida huyo ni yaya ambaye hakuna aliyemfundisha.

Kwa kuwa sheria haikutaja siku, hakuna linalomzuia mwajiri kukubali baba aigawe likizo yake: juma moja mtoto anapozaliwa, na jingine mama anaporejea kazini. Juma hilo la pili lingetosha kumfunza yaya na kumzoesha mtoto kikombe.

Hayo ni ya walioajiriwa. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini wako katika sekta isiyo rasmi. Mama anayeuza mboga hurudi kibandani baada ya majuma machache akiwa na mtoto mgongoni, na mumewe wa mjengo hulipwa kwa siku, asipofika, halipwi. Kwao majuma mawili ya mwaka wa 2007 hayajawahi kufika.