Usipite Mfangano mbio, lala huko

Vijana wa Kisumu tunapenda safari, lakini tunasafiri kama watu wanaofukuzwa. Jumamosi asubuhi tuko Luanda K'Otieno, feri hadi Mbita, selfi kwenye kaburi la Tom Mboya kisiwani Rusinga, jioni tumerudi mjini. Mwenyeji ameambulia nini? Soda moja.

Sisi tunasema kaeni siku tatu. Vukeni kwa boti hadi Mfangano, mwombe chumba kwa mama anayekausha omena, mlipe bei mliyopatana. Usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi hujaa ziwani utadhani ni mji mwingine. Kuna michoro ya kale mwambani kule Kwitone, na wazee ambao bado wanaongea Kisuba, lugha ambayo watoto wengi wameiacha wakashika Kiluo. Hadithi zao hazitoshi saa mbili.

Samaki wamepungua, na mama huyo hana mshahara mwingine. Ila choo kiwe safi, neti iwepo, na msichana anayesafiri peke yake alale bila hofu. Kaunti ya Homa Bay ikague nyumba hizo na kuziorodhesha. Wenye hoteli watanung'unika, wacha wanung'unike.

Na ukifika, bana, usiulizie chipsi. Ni kuon na omena.