Kitu kidogo kinachoingia pumzi: nanoteknolojia, chanjo na vumbi la machimbo yetu

Tangu miaka ya Covid kuna swali linalozunguka katika parokia zetu, kutoka Kasongo mjini hadi Salamabila: je, ni kweli kwamba ndani ya chanjo, dawa na vyakula vinawekwa vitu vidogo visivyoonekana, vinavyoitwa «nano»? Wengine wanaongeza kwamba humo ndimo chapa ya mnyama imefichwa. Wengine wanacheka na kupita. Njia hizo mbili hazimsaidii muamini. Mithali 14:15 inatofautisha mjinga anayeamini kila neno na mwenye busara anayeangalia pale anapokanyaga. Basi tuangalie.

Nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita karibu 80,000. Nanoteknolojia ni ufundi wa kutengeneza vitu vya nanomita 1 hadi 100. Katika udogo huo kitu hubadilisha tabia. Hata dhahabu, ikiwa chembe za kiwango hicho ndani ya maji, huonekana nyekundu. Kwa sababu hiyo wataalamu hawasemi «nano ni mbaya» wala «nano ni nzuri». Wanauliza: ni kitu gani, kinaingia mwilini kwa njia gani, na kwa wingi gani?

Hatari zipo, na wanasayansi wenyewe ndio waliozisema. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba nyuzi ndefu za kaboni za kiwango cha nano zilileta katika panya madhara yanayofanana na yale ya asbesto. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, liliweka aina moja ya nyuzi hizo kati ya vitu vinavyoweza kuleta kansa kwa binadamu. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulikataza katika vyakula rangi nyeupe iitwayo E171, ambayo sehemu yake ni chembe za nano, kwa sababu wataalamu hawakuweza tena kuthibitisha kwamba ni salama.

Na chanjo? Kongo ilianza kuchanja Covid tarehe 19 Aprili 2021 kwa AstraZeneca, ambayo haitumii chembe za mafuta za nano. Pfizer na Moderna ndizo zinazozitumia, kama kifuko cha kufikisha ujumbe wa chanjo ndani ya seli. Kifuko hicho ni mafuta. Hakina chuma, hakina redio, wala hakiandiki jina la mtu popote. Madhara ya nadra yalionekana na kutangazwa: mzio mkali kwa watu wachache, na uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume. Anayeuliza juu ya hayo anauliza vizuri, na muuguzi anapaswa kumjibu kwa heshima. Lakini tusisahau kwamba Kasongo yetu inajulikana katika vitabu vya afya duniani. Utafiti uliofanyika hapa juu ya chanjo ya surua, ukachapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet, ulionyesha kwamba kati ya miezi 7 na 35 watoto waliochanjwa walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa. Wazazi na babu zetu walikubali sindano hiyo, na wengi wetu tuko hai.

Hapa ndipo neno langu kwa ndugu wa Kabambare. Tunaogopa kitu kidogo kilicho ndani ya sindano, na huku tunavuta kila siku kitu kidogo ambacho madhara yake hayana mashaka tena.

Jiwe la dhahabu mara nyingi ni kwarzi. Likipondwa, linatoa vumbi la silika. Vumbi tunaloliona linaanguka chini au linakamatwa puani. Lile lisiloonekana ndilo linalofika mwisho wa mapafu na kubaki humo. Mapafu yanaota makovu, pumzi inakuwa fupi, na hakuna dawa ya kuyaondoa makovu hayo. Tangu mwaka 1997 IARC inahesabu vumbi hilo kati ya vitu vinavyoleta kansa. Tena mtu mwenye mapafu hayo anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Wanaolivuta ni vijana wa shimoni, wenye mashine za kusaga, na akina mama wanaotwanga mawe, wale ambao Kamituga wanawaita mama twangaise, mara nyingi na mtoto mgongoni.

Halafu kuna zebaki. Inashika dhahabu, kisha inachomwa, na mvuke wake hauonekani. Ukivutwa, unapita mapafuni hadi kwenye damu na ubongo: mikono inatetemeka, usingizi unapotea, kumbukumbu inapungua. Inayoanguka mtoni inageuka sumu nyingine inayokusanyika katika samaki na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ugonjwa huo ulitambuliwa Minamata, Japani, mwaka 1956, na mapatano ya kimataifa juu ya zebaki, yaliyoanza kazi mwaka 2017, yamechukua jina la mji huo. Zebaki haiozi. Sianidi, ambayo kampuni ilitumia Namoya, inaua haraka, lakini jua na hewa huivunja polepole. Zebaki itabaki katika matope yetu hadi kwa wajukuu.

Sisemi haya ili kuwahukumu wachimbaji. Vita vimewaondoa wengi katika mashamba yao, na karo ya shule inalipwa kwa dhahabu. Lakini Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili damu ya anayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo. Mungu hakukataza kupanda darini. Aliamuru ukingo.

Ukingo wetu unaweza kuwa huu:

Mawe yamwagiwe maji kabla ya kupondwa na wakati wa kupondwa. Kitambaa usoni kinapunguza vumbi kubwa tu. Hakizuii lile dogo kabisa, wala mvuke wa zebaki.

Zebaki isichomwe kamwe jikoni wala ndani ya nyumba, na sufuria yake isipikiwe chakula. Mama mjamzito na watoto wakae mbali. Vikundi vya wachimbaji viombe SAEMAPE iwafundishe chombo kilichofungwa kinachokamata mvuke na kurudisha zebaki.

Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili aende kupimwa kifua kikuu, na amwambie muuguzi kwamba anafanya kazi machimboni. Bila neno hilo anaweza kutibiwa nusu ya ugonjwa.

Na sisi wachungaji tusipeleke mbele sauti za simu ambazo hatujui zimetoka wapi. Tumwalike muuguzi wa kituo cha afya baada ya ibada, watu waulize, naye ajibu mbele ya wote. Wanaonunua dhahabu na wako katika viti vya mbele vya kanisa nao waulizwe: wanaowaletea dhahabu wanaichomea wapi?

Bwana aliyempulizia mtu pumzi ya uhai atuhesabu kuwa walinzi wa pumzi hiyo, kwanza ya wale wanaoitoa ndani ya shimo ili sisi tupate sadaka siku ya Yenga. Amani iwe kwenu.