Tezi Ndogo Inayongoja Giza

Wazazi wengi hulalamika kwamba kijana wao amekuwa mvivu: usiku halali, asubuhi haamki. Kabla ya kumkaripia, tunaomba tuitazame kwanza taa ya chumbani mwake.

Katikati ya ubongo kuna tezi iitwayo pineali, ndogo kama punje ya mchele. Mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, René Descartes, alidhani ndiyo makao ya roho. Homoni yake, melatonini, ilipatikana mwaka 1958, Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walipoitoa katika tezi za ng'ombe. Nao walikuwa wakitafuta tiba ya ngozi!

Tezi hii haioni. Habari za mchana na usiku huzipata kutoka machoni, kupitia sehemu ya ubongo iliyo kama saa ya mwili. Giza likiingia humwaga melatonini katika damu, na mwili hujua kwamba usiku umefika. Mwanga ukizidi, huipunguza. Koroboi ya zamani, yenye mwanga hafifu na mwekundu, haikuisumbua sana. Taa nyeupe za leo na simu iliyoshikwa karibu na uso huisumbua zaidi.

Kisha kuna umri wenyewe. Wakati wa kubalehe melatonini huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko utotoni, kwa hiyo kijana anayekosa usingizi mapema si lazima awe mkaidi. Ndiyo maana hatukubaliani na shule za bweni zinazowaamsha wanafunzi saa 10 alfajiri wakajisomee. Aliyelala saa 4 usiku amepata usingizi wa saa 6, naye anahitaji 8 hadi 10. Walimu wanataka wafaulu, twajua, lakini ni usingizini ubongo unapoyaimarisha yale aliyojifunza mchana. Sisi wenyewe tumewafinya wakisinzia katika Misa ya kwanza, bila kujiuliza waliamshwa saa ngapi.

Nyumbani, simu zote zibaki sebuleni kuanzia saa 3 usiku, ya baba ikiwamo. Asubuhi madirisha yafunguliwe, maana mwanga wa asubuhi huirekebisha saa ya mwili. Vidonge vya melatonini mtoto asipewe bila ushauri wa daktari. Na anayekoroma sana huku pumzi zikikatika apelekwe hospitali. Tatizo lake si taa.